Fundi wa Kinanda na Cheti Chake: Suala la Vyeo na Ustadi katika Sharika za Mbulu na Hanang

Katika vitabu vya kumbukumbu za sharika huwekwa orodha za watumishi: wachungaji kwa mwaka wa kubarikiwa kwao, wainjilisti kwa mitaa waliyoitumikia, wazee wa kanisa kwa vipindi vyao, walimu wa kwaya, watunza hazina, hata makarani. Ni nadra kuona orodha ya watu waliotunza kinanda. Yule aliyekifungua mgongo kilipokuwa bubu, akatoa kiota cha panya, akashona mvukuto na kukirudisha ibadani kabla ya Jumapili ya Mitende, kama aliandikwa popote, aliandikwa katika daftari la fedha kwa neno moja tu: fundi. Haikuelezwa alikuwa fundi wa nini, alijifunza kwa nani, wala ni nani aliyempima. Sura hii inalichunguza neno hilo, kwa sababu limezigharimu sharika zaidi ya inavyodhaniwa.

Wamisionari wa Augustana, Waamerika wengi wao wa asili ya Uswidi, walifanya kazi katika maeneo jirani ya Iramba na Turu tangu miaka ya 1920. Misheni ya Kilutheri ya Norwei ndiyo iliyojenga Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1955. Watu hao walitoka katika jamii ambamo kinanda cha kukanyaga kilikuwa chombo cha sebuleni na cha nyumba ya sala. Kiwanda cha Estey katika mji wa Brattleboro, jimbo la Vermont, Marekani, kilitengeneza vinanda vya aina hiyo zaidi ya 500,000, vikiwemo vidogo vinavyokunjwa kama sanduku, ambavyo makasisi wa jeshi na wamisionari walisafiri navyo. Katika Uswidi mji wa Arvika ulijulikana kwa vinanda vya Östlind & Almquist. Mkristo wa Norwei au wa Minnesota aliposema kuimba kanisani, alifikiria kuimba pamoja na chombo hicho.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kanisa hilo jipya lilirithi shule, hospitali, majengo na vyombo. Kwa upande wa hospitali na shule, suala la vyeti lilikuwa wazi tangu mwanzo. Hakuna aliyekubali mgonjwa achomwe sindano na mtu asiyejulikana alikojifunza, wala watoto wafundishwe na mtu aliyejiita mwalimu mwenyewe. Kinanda kilirithiwa bila fundi. Mmisionari aliyekuwa akikifungua na kukisafisha aliporudi kwao, aliondoka na ujuzi wake, na mara nyingi hata na vifaa vyake vidogo.

Hapa inafaa kueleza chombo chenyewe, maana thamani ya cheti haiwezi kupimwa bila kujua kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani.

Piano ni chombo cha nyuzi. Ina vibao 88 vya kubonyeza na nyuzi za chuma zipatazo 230, zilizovutwa kwa nguvu ambayo kwa jumla yake hukaribia tani 20. Nyuzi hizo huegemea ubao mpana wa sauti, na ubao huo ni mti. Hunywa unyevu wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyanda za Mbulu, ambazo kwa sehemu kubwa zi juu ya mita 1,500, na tambarare za Hanang chini ya mlima wenye zaidi ya mita 3,400, hupata miezi mingi ya ukavu, vumbi na upepo kati ya Juni na Oktoba, kisha mvua. Piano iliyowekwa katika kanisa lenye madirisha yasiyo na vioo ingehitaji kulinganishwa sauti kila msimu. Ndiyo maana waliochagua kinanda cha kukanyaga kwa ajili ya vijiji walichagua kwa busara, hata kama sababu yao ya kwanza ilikuwa uzito na bei.

Kinanda cha kukanyaga hakina nyuzi. Sauti yake hutoka katika ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi katika tundu lake, zikitetemeshwa na hewa inayovutwa na mivukuto iliyo chini ya miguu ya mpigaji. Kinanda chenye vibao 61 na safu mbili kamili za ndimi kina ndimi 122. Shaba haijali sana mvua na jua, kwa hiyo kinanda cha namna hiyo kinaweza kukaa miaka mingi bila sauti zake kupotoka. Maadui wake ni wengine: vumbi linaloingia chini ya ulimi na kuunyamazisha, panya anayetoboa kitambaa cha mvukuto, nondo anayekula sufu, mchwa anayepanda kutoka sakafuni. Magonjwa hayo mtu mwangalifu anaweza kuyatibu. Ulimi hutolewa kwa ndoano ndogo, hupigwa brashi, hurudishwa. Mvukuto hushonwa na kugundishwa upya.

Hatari huanza mtu anapochukua tupa. Ulimi ukikwanguliwa kwenye ncha, sauti yake hupanda. Ukikwanguliwa karibu na shina, sauti hushuka. Kazi hiyo huonekana rahisi, na ndiyo sababu inaharibu. Shaba iliyokwanguliwa hairudi. Anayekosea upande mmoja akajisahihisha upande mwingine, kisha akajisahihisha tena, humaliza akiwa na ulimi mwembamba kama karatasi ambao utakatika siku ya sikukuu. Tena vinanda vingi vya zamani vya Ulaya vilitengenezwa kwa kipimo kilichowekwa na Wafaransa mwaka 1859, ambapo sauti ya la ina mitetemo 435 kwa sekunde, wakati kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939, na kinachotumika duniani hadi leo, ni mitetemo 440. Kinanda cha aina hiyo kikipigwa pamoja na chombo cha umeme, wasikilizaji husema cha zamani kimeharibika. Hakijaharibika. Kimetoka katika zama nyingine. Fundi mwenye elimu hukiacha kama kilivyo na kuwashauri wazee wasivipige vyombo viwili hivyo pamoja. Fundi asiye na elimu huanza kukwangua ndimi zote 122.

Hii ndiyo sehemu ya ustadi ambayo watu wa nje hawaioni kabisa: kujua kitu gani kisiguswe. Mtu hawezi kumsifu fundi kwa jambo ambalo hakulifanya, wala mtunza hazina hawezi kuliandikia hati ya malipo.

Je, sharika ziliwapata wapi watu wa kazi hiyo? Ziliwapata kwa jirani. Kinanda kilihitaji mikono ya aina nne: mkono wa seremala kwa sanduku na vibao, mkono wa mshona ngozi na kitambaa kwa mivukuto, mkono wa mfua chuma kwa springi na mikono ya kanyagio, na sikio la mwimbaji kwa ndimi. Ni vigumu kuwapata wote katika mtu mmoja. Fundi cherehani alielewa kanyagio, kwa kuwa cherehani lake lilikuwa na kanyagio pia. Fundi saa alikuwa na bisibisi ndogo na subira. Mwalimu wa kwaya aliyefundishwa kusoma nota za do, re, mi alikuwa na sikio, lakini mara nyingi hakuthubutu kufungua skrubu moja. Kazi iliyofanywa na watu hao kwa ushirikiano wakati mwingine ilikuwa njema. Ilipokuwa mbaya, hapakuwa na wa kuulizwa, kwa sababu hapakuwa na aliyepewa dhamana.

Isidhaniwe kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na mawazo yao kuhusu vyeo vya ustadi kabla ya vyeti vya karatasi. Miongoni mwa Wairaqw, mzee anayeongoza slufay, yale maombi na baraka yanayonenwa kwa mtiririko wa kishairi huku waliokutanika wakiitikia, hakupewa hati na chuo chochote. Watahini wake walikuwa mkutano wenyewe. Akikosea mwendo wa maneno, au akikosa neno linalostahili jambo lililowakutanisha watu, itikio hulegea na kila mtu hujua. Akifaulu, ataitwa tena. Kwa Wadatoga wa Hanang na maeneo ya jirani, ufuaji wa chuma ulikuwa kazi ya ukoo, Gidang'odiga, na mtoto aliupokea ufundi kwa kuzaliwa na kwa kukaa kando ya mvukuto wa baba yake. Wafua chuma hao hufua mishale na visu, na huyeyusha shaba ya kufuli na mabomba chakavu wakaitengeneza bangili. Kwa desturi ya zamani ukoo huo haukuoana na koo nyingine za Wadatoga; mtu aliweza kuheshimiwa kwa mikono yake na bado akatengwa kwa ukoo wake.

Kwa hiyo palikuwa na njia mbili: kuhakikiwa na wasikilizaji, na kurithi kwa damu. Kila moja ina nguvu na udhaifu. Ya kwanza ni ya haki, lakini inafaa tu pale ambapo wasikilizaji wanaijua kazi kama mtendaji anavyoijua. Kila Mwiraqw mtu mzima alisikia slufay tangu utoto. Ni waumini wangapi waliosikia kinanda kilicholinganishwa vema kiasi cha kutambua kilicholinganishwa vibaya? Njia ya pili huhifadhi ujuzi kwa vizazi, lakini humfungia nje kijana mwenye kipaji aliyezaliwa mahali pengine.

Kanisa lilileta njia ya tatu, nayo ni wito unaothibitishwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu chake cha 14, linafundisha kwamba mtu asifundishe hadharani kanisani wala asihudumu sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Luther mwenyewe, mwaka 1520, alikuwa amewaandikia watawala Wakristo wa Ujerumani kwamba wote waliobatizwa ni makuhani. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Uwezo unaweza kuwa wa wengi. Dhamana hukabidhiwa kwa utaratibu, ili watu wajue nani atawajibika. Historia ya Kilutheri kaskazini mwa Tanzania ina ushahidi wake. Wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro na Meru mwaka 1920, sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Waliendelea kufundisha, wakazika, wakawatia moyo watu, na kanisa halikufa. Hata hivyo hakuna aliyehitimisha kutokana na hayo kwamba mafunzo hayana maana. Mwaka 1947 chuo cha theolojia kilianzishwa Lwandai, Usambara, na mwaka 1954 kikahamia Makumira. Waliosimama imara bila cheo ndio waliokuwa ushahidi kwamba cheo kinafaa kutolewa, na kwamba wapo wanaokistahili.

Fundi wa kinanda hakuwahi kuwekewa utaratibu wa namna hiyo. Katika nchi ambazo piano na vinanda hutengenezwa, jambo hili limebishaniwa sana, na mabishano yao yanafaa kujulikana na baraza lolote la wazee linalotafakari kumlipa fundi.

Kabla vyama havijaundwa, mtihani ulikuwa piano yenyewe. Mfaransa Claude Montal, aliyezaliwa mwaka 1800 na kupofuka utotoni, alijifunza kulinganisha piano katika taasisi ya vipofu mjini Paris, na watu hawakuamini kwamba kipofu anaweza kazi hiyo. Alishinda kwa kazi yake, mwaka 1836 akatoa kitabu cha ufundi huo, na nyuma yake vipofu wengi wa Ulaya waliishi kwa riziki ya kulinganisha piano. Huyo hakuwa na cheo cha kumtangulia mlangoni.

Katika Uingereza mafundi waliunda chama chao mwaka 1913. Marekani chama cha mafundi wa piano kiliundwa mwaka 1957 kwa kuunganisha vyama viwili vilivyotangulia. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ya Marekani haimtaki fundi wa piano awe na leseni. Mtu yeyote anaweza kutundika kibao mlangoni na kuanza kazi. Chama hutoa cheo cha fundi aliyesajiliwa kwa wale tu wanaofaulu mitihani mitatu: wa maandishi, wa matengenezo ya ndani ya piano, na wa kulinganisha sauti. Katika ule wa mwisho, mafundi kadhaa waliobobea hukaa pamoja na kuilinganisha piano moja hadi waridhike, hunakili vipimo vya kila sauti, kisha piano huvurugwa na mtahiniwa huirekebisha peke yake. Kazi yake hulinganishwa na ile nakala, sauti kwa sauti. Hapendelewi wala haonewi.

Ujerumani ilikwenda njia ya sheria. Kijana hujifunza ujenzi wa piano kwa miaka mitatu na nusu, na kwa muda mrefu hakuruhusiwa kufungua karakana yake mpaka awe amefaulu mtihani wa ubingwa. Tarehe 1 Januari 2004 sheria hiyo ililegezwa kwa fani zaidi ya 50, wajenzi wa piano na wajenzi wa vinanda wakiwemo. Mwaka 2020 sharti la ubingwa lilirudishwa kwa fani 12. Wajenzi wa vinanda vya kanisani na vya kukanyaga walirudishiwa. Wajenzi wa piano hawakurudishiwa. Taifa lenye desturi ndefu kuliko mengine katika ufundi huo, ambalo ujenzi wake wa vinanda vya kanisani uliingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni wa dunia mwaka 2017, lilibadili mawazo mara mbili ndani ya miaka 16. Mzee wa kanisa wa Dongobesh au Katesh asione haya kwamba naye hana jibu la haraka.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na sharika za Tanzania unatoka Japani, na umeandikwa juu ya vinanda vya umeme vinavyotumiwa na kwaya nyingi nchini, ingawa wachache huusoma. Mwaka 1887 shule moja ya msingi katika mji wa Hamamatsu ilikuwa na kinanda cha kukanyaga kutoka Marekani, nacho kiliharibika. Hapakuwa na fundi wa vinanda mjini. Walimwita Torakusu Yamaha, mtu aliyezaliwa mwaka 1851, aliyejifunza kutengeneza saa na wakati ule akitengeneza vifaa vya hospitali. Hakuwa na cheti cha kinanda. Alikifungua, akakielewa, akakitengeneza, na kisha akaamua kuunda cha kwake akisaidiwa na fundi mwenzake, Kisaburo Kawai.

Wengi hupenda kuishia hapo na kusema: tazameni, hakuhitaji cheti. Kisa hakikuishia hapo. Yamaha na Kawai walikibeba kinanda chao kwa mti mabegani, wakavuka milima ya Hakone, mwendo wa kilomita zipatazo 250 mpaka Tokyo, ili kikaguliwe na chuo cha muziki. Watahini walikisifu kwa ujenzi, wakakikataa kwa sauti: hakikuwa kimelinganishwa ipasavyo. Ingekuwa rahisi kwa mtu aliyetoka jasho namna ile kurudi nyumbani na kuwauzia wasiojua tofauti. Yeye alibaki Tokyo karibu mwezi mzima akihudhuria masomo ya kulinganisha sauti, akarudi Hamamatsu, akaunda kingine, na hicho kikakubaliwa. Mwaka 1889 alianzisha kiwanda cha vinanda. Alama ya kampuni yenye jina lake hadi leo ni uma tatu za kulinganishia sauti zilizopishana. Hizo ndizo zinazoonekana kwenye kinanda cha umeme cha Yamaha kila kinapofunguliwa kanisani: picha ya chombo cha kupimia, cha mtu aliyekubali kupimwa.

Kisa hicho kinatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa barazani. Kutokuwa na cheti si kosa, wala si sifa. Yamaha alikuwa fundi kweli kabla ya Tokyo, na Tokyo ilimwonyesha kweli nyingine ambayo masikio ya Hamamatsu yasingeweza kumwonyesha.

Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA, na katika miongo ya karibuni mamlaka hiyo imekuwa pia ikipima na kuthibitisha ujuzi wa watu waliojifunza kazini bila kupita darasani. Utaratibu huo wa kurasimisha ujuzi umewafaa waashi, maseremala na mafundi magari. Ni heshima kubwa kwa mtu aliyepaua makanisa kwa miaka 20 kupata hatimaye karatasi inayokiri kwamba anajua kupaua. Kwa upande wa muziki, Ruhija kule Bukoba ilifundisha walimu wa muziki wa kanisa, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hutoa shahada ya muziki. Hata hivyo kupiga si kutengeneza. Mhitimu wa muziki anaweza kuwa mpigaji hodari na asijue ulimi wa shaba unatolewaje katika tundu lake. Naye seremala mwenye cheti cha serikali hajapimwa masikio. Cheti ni ushuhuda wa jambo lililopimwa, wala si la jambo linalofanana nalo. Baraza linalomwajiri fundi kwa sababu tu ana karatasi yenye mhuri linafanya kosa lile lile la baraza linalomwajiri kwa sababu ni shemeji wa mtu.

Upo pia udhalimu ambao haupaswi kufunikwa. Fundi aliyetoka mjini na cheo chake hulipwa nauli, posho, malazi na ujira, hata kama ameshindwa. Fundi wa kijijini, Mkristo wa usharika ule ule, aliyekitunza kinanda kwa miaka, hupewa chai na kuambiwa kwamba anamtumikia Mungu. Ni kweli anamtumikia Mungu. Mchungaji naye anamtumikia Mungu, na hupokea posho yake. Sadaka ya mavuno, yale mahindi, ngano na mbuzi waliouzwa mnadani baada ya ibada, imetoka katika mikono yenye sugu. Ni haki itumike kwa uangalifu, na ni haki pia isimnyime mwenye sugu mwingine ujira wake. Matokeo ya kumwita mtu fundi bila kumpa cheo wala malipo yameonekana. Hakupata mwanafunzi. Kijana gani atajifunza kazi isiyo na jina wala riziki? Mzee yule alipofariki, kinanda kilihamishiwa chumba cha nyuma, kikawekewa juu yake matoleo ya vyombo na mabango ya sikukuu zilizopita.

Sharika zilizobaki na vinanda vya kukanyaga si maskini wa njia. Palipo na wazee wenye busara, fundi mgeni hukabidhiwa ulimi mmoja kwanza, wala si kinanda kizima. Huombwa aeleze kabla ya kugusa: sauti hii ina kasoro gani, imetokana na vumbi, mpasuko au kupotoka, na utafanya nini? Anayejibu kwamba ataanza kwa kusafisha amejibu vema. Anayeomba tupa mapema hushukuriwa na kurudishiwa nauli yake. Kisha mwalimu wa kwaya hupiga do na so pamoja, polepole, na wote husikiliza kama sauti hizo mbili zimetulia au zinapigana kwa mawimbi. Si mtihani wa Tokyo, lakini masikio ya wanakwaya hujifunza haraka yakionyeshwa la kusikiliza, na baada ya mara mbili tatu usharika unakuwa na watahini wake.

Mengine yanahitaji kalamu tu. Mafundi wa piano wa Ulaya na Marekani wana desturi ya zamani ya kuandika kwa penseli ndani ya piano, mahali mpigaji hapaoni, jina lao na tarehe ya kazi, ili fundi atakayefuata ajue nani aliingia kabla yake na lini. Piano za kale hufunguliwa zikakutwa na majina ya watu waliofariki zamani, yakifuatana kama orodha ya wachungaji ukutani. Ubao wa nyuma wa kinanda cha kukanyaga umeshikwa na skrubu chache au vikabari vya mti, na upande wake wa ndani haujapakwa rangi. Nafasi ya kuandika ipo.